Wanaodai megahezi waitazame hesabu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako wa juma lililopita, aliyeandika kwamba kadi za benki zinasuasua dukani kwa sababu watengenezaji wanabania megahezi za chipu, yaani mamilioni ya mapigo ya saa yake ya ndani kwa sekunde. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma, na jambo hili limeninyima usingizi mwaka wa pili sasa, tena kwa hela yangu mwenyewe.

Mara nyingi kinachosuasua ni mtandao, lakini hilo tuliache. Kadi ya kugusisha haina betri. Inakula umeme inaoudaka hewani kutoka kwenye mashine, umbali wa sentimita chache tu. Ukiongeza mapigo ya saa unaongeza njaa, na chakula ni kilekile. Mbunifu analazimika kuitafuta kasi ndani ya hesabu zenyewe, zile ambazo kadi inazipiga kulinda siri zake.

Mwaka 1985 wanahisabati Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake, walipendekeza kulinda siri kwa mikunjo ya eliptiki. (Ni mistari iliyopinda inayotokana na mlinganyo, si duaradufu ile tuliyochora shuleni, jina tu limefanana.) Utamu wake ni ufunguo mfupi, yaani namba ya siri fupi: biti 256 (tarakimu za 0 na 1) zinalinda sawa na biti 3072 za RSA, mtindo wa zamani ambao kadi nyingi za benki zimeuzoea. Unachukua nukta kwenye mkunjo, unaijumlisha na yenyewe mara nyingi kadiri ya namba yako ya siri. Ukijumlisha moja moja utafika kiyama hujamaliza, kwa hiyo unausoma ufunguo biti kwa biti: kila biti unairudufisha nukta, na biti ikiwa 1 unaongeza nukta ya mwanzo.

Nilinunua bodi ya FPGA iliyotumika, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe. Ilikuja na treni kutoka Dar, imeviringishwa kwenye kanga ya shangazi. Saa nikaiweka megahezi 50. Kizidishi changu kilikuwa cha kimaskini, biti moja kwa pigo moja, kwa hiyo kuzidisha mara moja ni mapigo 256. Fomula nikaziingiza vilevile nilivyozikuta kitabuni. Jibu likatoka baada ya kama robo tatu ya sekunde. Kwa binadamu ni kufumba na kufumbua, kwa chipu ni aibu.

Mchawi alikuwa kugawanya. Kila hatua, iwe kurudufisha au kujumlisha, inadai kugawanya mara moja, na kwenye hesabu za baki za namba tasa ya biti 256, kugawanya huko kulinigharimu kuzidisha karibu mara 380. Hatua zenyewe kama 384. Dawa ipo tangu zamani: nukta unaibeba kwa namba tatu badala ya mbili, ile ya tatu inatunza deni la kugawanya. Ni kama daftari la mangi, unakopa mwezi mzima, unalipa mwisho wa mwezi. Kuzidisha kukashuka kutoka zaidi ya mara 140,000 hadi chini ya 4,000. Milisekunde 20! Megahezi zilezile 50, kizidishi kilekile cha kimaskini.

Nilikuwa natamba sana siku hizo, hadi mdogo wangu, mvuvi wa dagaa Kibirizi, aliponitibulia bila kujua. Alikuwa anasimulia kwamba alfajiri, kabla boti haijaonekana, mlio wa injini unakwambia kama imejaa au inarudi tupu. Nikamkumbuka Paul Kocher, mtaalamu wa kulinda siri za kompyuta, aliyeonyesha mwaka 1996 kwamba muda ambao mashine inautumia unaweza kuufichua ufunguo, na mwaka 1999, pamoja na wenzake, akaonyesha kwamba hata umeme inaokula unaufichua. Saketi yangu ilikuwa inajumlisha kwenye biti za 1 tu. Mwenye kipimo angezisoma 1 na 0 zangu kama mdogo wangu anavyoisoma boti gizani.

Nikahamia njia iitwayo ngazi ya Montgomery, ambayo kwa kila biti, iwe 0 au 1, inarudufisha na kujumlisha bila upendeleo. Muda ukapanda hadi milisekunde kama 33. Nimeikubali hasara hiyo, na ninashangaa mtu anayedai kasi bila kuuliza kasi hiyo inamwaga nini njiani.

Sasa ninapambana na kizidishi: namba ya biti 256 naikata vipande 16, ili vizidishi vidogo vilivyokuja tayari ndani ya chipu vifanye kazi kwa pamoja. Bado kinakosea, hasa pale namba inapobebwa kutoka kipande kimoja kwenda cha pili. Msomaji wako akipita Mwanga anione, bodi iko mezani katikati ya simu zilizopasuka vioo. Aje kabla ya saa kumi na moja jioni, baada ya hapo nakuwa nimeshuka Kibirizi.

Fundi simu,
Mwanga, Kigoma.