Malalamiko kuhusu taa za bustani mlizonifungia Mamboleo

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kisumu.

Bwana/Bibi,

Nimewapigia simu mara nne, na kila mara naambiwa fundi yuko njiani. Sasa naandika.

Mwezi wa tatu mlinifungia taa 10 za volti 12 kutoka barazani hadi langoni, nikalipa shilingi 52,000 siku hiyo hiyo. Sikuwa natafuta mapambo. Mama yangu ana miaka 76, macho yake hayaoni vizuri, na kabla ya kufika langoni kuna ngazi saba za mawe. Nilimwonyesha fundi wenu ngazi hizo.

Taa za karibu na nyumba zinawaka vizuri. Tatu za mwisho, pale penye ngazi, ni hafifu kama kaa linalozimika. Wiki iliyopita mama alikosa ngazi akateguka kifundo cha mguu.

Mlidai stima ya mtaa ndiyo dhaifu. Fundi wa jirani alileta mita yake: kwenye transfoma ya taa hizi, ile inayoshusha umeme wa nyumba, volti 12, kwenye taa ya mwisho 8.6. Hapo mtaa unahusikaje? Tukafukua. Ankara yenu inasema waya wa milimita mraba 2.5, lakini tuliotoa udongoni ni wa milimita mraba moja, urefu mita 35. Waya mwembamba namna hiyo hula volti njiani, na taa ya mbali ndiyo huumia. Kiungo kimoja kilikuwa kimezungushiwa tepu nyeusi tu, kikazikwa. Nilipoivuta ilichuruzika maji, na shaba ndani imeshaota ukijani. Udongo wetu mweusi huu hushika maji siku nyingi baada ya mvua, na ninyi ni watu wa hapa hapa, mnaujua.

Transfoma nayo imeandikwa wati 60, ilhali taa 10 za wati 7 ni wati 70. Ndiyo maana inachemka na kujizima ikifika saa mbili usiku.

Lililonikasirisha kuliko yote ni hili. Volti 12 si za kutisha, lakini transfoma inalishwa na 240, na mliichomeka kwenye ekstensheni ya ndani, mkaiweka nje, mkaifunikia debe tupu la rangi. Watoto wangu huchezea hapo! Nimeichomoa.

Ndani ya siku 14 naomba mweke waya niliolipia, viungo visivyoingiza maji, na transfoma ya wati 100 ndani ya kisanduku cha kuzuia mvua. Aje fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na anionyeshe leseni hiyo kabla hajagusa kitu. Mkishindwa, nirudishieni 52,000 zangu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia nikipata hasara.

Nimeambatisha picha na nakala ya ankara. Waya wenyewe ninao. Niko nyumbani kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni.

Wenu,
Mteja, Mamboleo