Barua kwa vijana mnaotuma draiva zenu Linux

Wadogo zangu, salaam. Naona siku hizi mmechangamka, kila mtu anataka jina lake liingie kwenye keneli ya Linux (kiini cha mfumo huo), na mimi nafurahi sana tu. Ila kuna kitu hamkuambiwa mapema, kuandika draiva (programu inayokiendesha kifaa) ni wiki chache, kukaa nayo ni miaka, na hiyo miaka ndo kazi yenyewe.

Mkifungua faili ya MAINTAINERS, orodha ya watunzaji, mtaona draiva zina majina ya watu na imeili zao. Ukishajiandika pale, yeyote atakayegusa faili yako ile skripti ya get_maintainer itamwambia akutumie wewe, na atasubiri jibu lako. Toleo jipya linatoka kila baada ya wiki 9 au 10, vitu vipya vinapokelewa zile wiki 2 za mwanzo, baada ya hapo ni kurekebisha makosa tu, kwa hiyo ukikaa kimya patchi (badiliko la kodi) ya mwenzio inalala mpaka raundi ijayo.

Alafu msidhani draiva ikishapokelewa basi imetulia. Fankshoni za ndani ya keneli hazina ahadi ya kubaki zilivyo, na anayezibadilisha ndo anarekebisha draiva zote zilizomo. Chukueni ile remove ya platform driver, yaani fankshoni inayoitwa kifaa kinapoondolewa. Zamani ilikuwa inarudisha namba, basi watu wakawa wanarudisha kosa katikati ya kazi wakidhani keneli itaghairi, kumbe keneli inatoa onyo tu kisha inaendelea kukiondoa kifaa, na memori uliyoishika inabaki inaning'inia. 2023 draiva zikaanza kuhamishwa moja moja, nyingi kwa mkono wa mwandishi wa keneli Uwe Kleine-König, mpaka toleo la 6.11 mwaka 2024 ikawa hairudishi kitu kabisa. (Kazi ya kuchosha ile, na wala haina makofi.) Sasa patchi kama hiyo ikija kwako, pitia njia ya makosa (kodi inayopitiwa kitu kikifeli) mstari kwa mstari, chomeka kifaa, pakia moduli (draiva yenyewe), itoe, ipakie tena, angalia dmesg (ujumbe wa keneli), ndo uandike Tested-by, yaani nimeijaribu. Kuiandika kwa kusoma tu kwa macho ni uongo jamani, tusifichane.

Na kifaa ukishauza au kimekufa, sema. Badilisha hali yake kwenye MAINTAINERS iwe Orphan (yatima, haina mtunzaji), hakuna aibu yoyote. Draiva ya flopi ilifanyiwa hivyo 2019 maana hata kupata flopi inayofanya kazi ilishakuwa shida, na baadaye akajitokeza mtu mwingine akaichukua. Jina la mtu asiyejibu ndo baya zaidi, linafanya watu waamini kuna mwenyewe wakati hayupo.

Nyie ambao bado hamna draiva, acheni kwanza patchi za kusogeza nafasi na kupanga mabano. Rc (toleo la majaribio) huwa inatoka Jumapili, ichukueni muiweke kwenye laptopu ile kuukuu, WiFi ikikataa wakati toleo lililopita ilikuwa inashika, piga git bisect (kutafuta badiliko lenye kosa kwa kugawa nusu kwa nusu) hata kama itakula usiku mzima, ukiipata komiti (badiliko lililohifadhiwa) iliyoleta balaa taja namba yake kwenye ripoti, umtumie aliyeiandika pamoja na mtunzaji wa hiyo draiva, na laptopu usiifomati mpaka wakutumie patchi ya kujaribu.