Risala ya Kikundi cha Kujitolea cha Kijiji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanaojitolea, 5 Desemba 2025, Wilaya ya Rungwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Ndugu Mtendaji wa Kijiji,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Serikali ya Kijiji,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu, akina mama, akina baba, vijana na watoto,

Mugonile!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama. Desemba ya Rungwe unaijua, na barabara yetu kutoka lami hadi hapa bila shaka sasa unaijua pia. Tulipanga vijana kumi wasimame pale kwenye mteremko ili gari lako likikwama walisukume. Kama wamelisukuma, basi umeshaiona kazi ya kikundi kabla risala haijaanza, na tope lililobaki kwenye viatu vyako tunaliombea radhi.

Pia huenda unajiuliza kwa nini meza kuu imewekwa ndani ya jengo lisilo na paa, ilhali shule yetu ya msingi ina darasa zuri lenye bati. Kamati ya maandalizi ilibishana kuhusu jambo hilo kwa vikao viwili. Waliosema ni utovu wa adabu kumkalisha mgeni hapa walishindwa kwa kura. Turubai lililo juu yako ni lile tunalotumia misibani. Limetoboka upande wa kushoto, ndiyo maana kiti chako kimevutwa kulia. Jambo lenyewe tutalifikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kikundi chetu ni ndefu, lakini tutaikatisha. Wazee waliokaa mstari wa pili ndio waliochimba vyoo vya kijiji hiki mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wakikusanyika kwenye redio moja kusikiliza somo kisha kwenda kushika jembe. Sisi ni watoto na wajukuu wa watu hao. Kikundi kilianza mwaka 2014 kikiwa na watu 12, baada ya msiba ambao wachimba kaburi hawakutosha. Leo tuko 43, wanawake 27 na wanaume 16. Katiba tunayo, muhuri tunao.

Mafanikio ni makubwa, na yanasikika hadi kata za jirani. Tuna viti 40 vya plastiki, masufuria mawili ya kupikia wali wa watu wengi, na turubai tulilokwisha kulitaja. Tumepanda miti 1,000 kwenye chanzo cha maji. Iliyoshika ni pungufu kidogo ya hapo, kwa sababu mbuzi waliingia, na wenye mbuzi tunawaona wanapiga makofi hapa. Kila mvua kubwa ikipita, wanachama wetu hupanda juu kwenye banio kutoa majani na mchanga ili maji yarudi bombani. Dada mmoja aliyemaliza kidato cha sita anafundisha hesabu shuleni bila mshahara, analipwa viazi na maharage na wazazi wenye moyo. Tunaomba asimame. Akina mama watatu hupika uji wa watoto wa shule kwa zamu, kuni wanakuja nazo mgongoni. Nao tunaomba wasimame, wasione aibu.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe hii ya leo mwaka 1985 kwa ajili ya watu wa namna hiyo duniani kote, na mwakani, 2026, umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea kwa Maendeleo Endelevu. Tumefurahi kusikia. Ila Umoja wa Mataifa uko New York, Mheshimiwa, na wewe uko hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi inayotuchosha kuliko zote ni machela. Machela yetu ni mianzi miwili na viroba vilivyoshonwa kwa kamba ya katani. Mgonjwa akizidiwa usiku wakati wa masika, bodaboda hawezi kushuka na tope lile, na gari ndiyo usiseme. Basi inapigwa simu moja, halafu inapigwa filimbi, na wanaume wanane wanatoka vitandani. Wanne wanabeba, wanne wanafuata ili wapokezane. Mama mmoja anatangulia na taa, mwingine anakaa ubavuni kwa mgonjwa akimsemesha asilale. Kutoka hapa hadi barabarani ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye afya asiyebeba kitu. Hapo ndipo unapoanza kutafuta gari la kwenda Tukuyu, na Tukuyu wakisema hali ni ya rufaa, safari ni ya Mbeya mjini, hospitali ya wazazi ya Meta, kwa mama mjamzito.

Mwaka 2021, mwezi wa nne, tulimbeba mama aliyeshikwa na uchungu saa saba usiku. Hatukufika barabarani. Alijifungua njiani, chini ya migomba ya watu, akina mama wakiwa wamezungusha khanga na wanaume wamegeuza migongo huku mvua ikiwapiga. Aliyempokea mtoto ni mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, ambaye wakati huo alikuwa hapati hata posho ya viatu. Mtoto yuko hapa leo, ana miaka minne, ni yule anayekula muwa pale mbele. Tunamshukuru Mungu kwa huyo. Hatutawataja wengine ambao safari yao haikuishia hivyo, maana familia zao zimo humu na leo ni siku ya furaha.

Sasa tumelifikia jambo lenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukuta uliouegemea ni wa zahanati. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule tuliozoea kuuita MMAM, ulipoanza mwaka 2007 ulisema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ulikuwa mpango wa miaka 10. Watoto waliozaliwa mwaka ule wamemaliza kidato cha nne, na wawili kati yao ni wanachama wetu, wanabeba machela. Mwaka 2017, mkutano mkuu wa kijiji ulikubaliana tuanze kwa nguvu zetu. Tuliambiwa wananchi wakifikisha boma kwenye lenta, paa na umaliziaji vitatoka juu. Hatukubishana. Mawe ya msingi tuliyatoa mtoni kwa vichwa. Matofali tuliyafyatua na kuyachoma wenyewe, na kila kaya ilitoa mchango wake, hata wajane ambao tuliwasamehe lakini wakakataa kusamehewa. Mwaka 2019 tukafika kwenye lenta. Siku hiyo tulichinja.

Mwaka huohuo tulimwalika mgeni rasmi wa kwanza. Alifurahi sana. Alisema hajawahi kuona wananchi wa namna hii, akaahidi mabati 150 kabla ya mavuno ya mahindi. Tulipiga vigelegele, tukamkabidhi mbuzi. Mahindi yamevunwa mara sita tangu siku hiyo, na mwaka mmoja yalikuwa mazuri mno.

Mgeni wa pili alikuja mwaka 2021. Risala yetu ilimkumbusha suala la mabati, akageuka nyuma akamwambia msaidizi wake, "Andika hilo." Msaidizi akaandika. Tulimwona kwa macho yetu akiandika, na daftari lilikuwa jipya. Huyu tulimpa jogoo wawili.

Mwaka 2023 haukuwa wa hotuba, ulikuwa wa vipimo. Wataalamu walikuja na tepu, wakapima, wakapiga picha, wakaondoka. Baadaye wakaja wengine, wakapima tena. Kwa jumla boma hili limepimwa mara tatu, na vipimo vyote vinalingana, maana halijakua. Tukiulizia tunajibiwa kwamba jambo liko kwenye mchakato, au litaingia kwenye bajeti ijayo. Tunaheshimu bajeti. Tunachoomba kujua ni ipi kati ya hizo zijazo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusieleweke vibaya. Hatumlaumu mtu, na waliotangulia tunawaombea afya njema popote walipo. Lakini mvua ya Rungwe haisubiri mchakato. Kozi mbili za juu za matofali upande wa mlima zimeanza kumomonyoka. Kuta za ndani zimeota ukungu wa kijani ambao watoto wanachora majina yao kwa kucha. Ukipata nafasi, baada ya risala hii, tunaomba uingie chumba cha tatu mkono wa kulia, kile ambacho kwenye ramani ni chumba cha kujifungulia. Humo umeota mgomba. Hakuna aliyeupanda. Umekua, umetoa mkungu, na mkungu umekomaa. Katika chumba kile, Mheshimiwa, aliyejifungua hadi leo ni mgomba peke yake.

Kwa hiyo mahitaji tunayataja kwa majina yake ili asiwepo wa kurudi na tepu. Tunaomba mabati 150, geji 28, yale ya futi 10. Geji 30 hatuitaki, upepo wa huku huikunja kama karatasi. Tunaomba kofia zake na misumari yake. Mbao za kenchi hatuombi. Tumezinunua wenyewe kwa fedha za vibarua vya kuchuma chai na kuuza ndizi, zimetiwa dawa, zimehifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi. Mama mwenye nyumba anauliza zitatoka lini, kwa kuwa kuku wake wamezigeuza mahali pa kutagia. Fundi pia hatuombi. Tunao wawili ndani ya kikundi, nao wamekubali kupaua bila kulipwa, ila chakula. Wabeba maji, wabeba mchanga, wapika uji wa mafundi, wote ni hawa unaowaona. Mabati yakifika Jumatatu, Jumamosi ya wiki hiyohiyo jengo lina paa. Hapo ndipo Halmashauri itakapokuwa na mahali pa kumleta mganga na muuguzi, maana kwa sasa hata wakiletwa watakaa na mgomba.

Katibu wa kamati ya fedha alitaka tuongeze hapa ombi la spika na kipaza sauti, na vijana walitaka jezi. Tumeyaondoa. Tumegundua kwamba risala ikiwa na maombi saba, mgeni huchukua lile jepesi, na jezi tulishapewa mara moja. Leo ombi ni hilo moja.

Aidha, tulichagua kwa makusudi kukualika sasa hivi, uchaguzi ukiwa umepita. Ahadi ya wakati huu haina mtu wa kuisindikiza kwa ngoma, kwa hiyo tunaamini itakuwa nyepesi kusafiri. Na kama uwezo ni wa mabati 50, tuambie ni 50, Mheshimiwa. Tutaezeka chumba cha kujifungulia na kile kinachofuata, tutashukuru, na tutaendelea kutafuta mengine. Kama hakuna hata moja, tuambie hivyo pia, hapahapa, mbele ya watu. Hatutakasirika. Tutajua kwamba michango ianze upya, na wajane wale wataleta tena.

Mwisho, zawadi. Safari hii kikundi hakina mbuzi. Tumekuandalia mkungu wa ndizi za kupika, uko pale kwenye kona, umefungwa kwa majani yake. Ulikatwa jana jioni katika chumba cha tatu mkono wa kulia. Ni mzito, lakini wanane wale wa machela wataupeleka hadi kwenye gari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Ndaga fijo.

Katibu wa Kikundi, kwa niaba ya wanachama wote 43