Tantra: tulizungumzie swali lake lenyewe

Mhariri,

Tantra ikitajwa magazetini, mara nyingi hutajwa kwa mambo mawili tu: uchawi au mambo ya chumbani. Msomaji hafikishwi kwenye swali ambalo ndilo kiini cha elimu hii: huyu anayeona, anayejua na kusema "mimi" ni nani hasa? Naomba nafasi nilieleze, maana wapo wanaoanza mazoezi haya kwa kusikia juujuu tu, kisha wakajidhuru.

Tantra si dhehebu moja. Ni maandiko na mazoezi mengi yaliyoshamiri India kwa karne nyingi miongoni mwa wafuasi wa mungu Shiva, wa mungu wa kike Shakti na wa Buddha, nao hawakubaliani hata kuhusu nafsi yenyewe. Wabudha wa Tibet huitafuta nafsi inayojitegemea ili wathibitishe kwamba haipo. Wafuasi wa Shiva wa Kashmir husema ipo, na kwamba haikanushiki, kwa kuwa anayeikanusha analazimika kuitumia. Nitawazungumzia hawa wa Kashmir, kwa sababu hoja zao kuhusu nafsi zimepangwa kwa makini ya kipekee. Na zile ibada za kimwili zinazovumishwa zipo kweli. Abhinavagupta, mwanafalsafa wa Kashmir aliyeandika karibu na mwaka 1000, alizieleza katika sura ya 29 ya Tantraloka, kitabu chenye sura 37, akasisitiza kwamba si za kila mtu. Kuziita ndiyo tantra nzima ni kuacha sura 36.

Shiva Sutra, andiko la karne ya 9 linalohusishwa na Vasugupta, linaanza kwa kutamka kwamba nafsi ni ufahamu. Mwili unajulikana, mawazo yanajulikana, kumbukumbu pia. Kinachojulikana hakiwezi kuwa ndicho kijuacho. Hadi hapo shule kadhaa za India zinaafikiana. Utpaladeva, mwanafalsafa wa Kashmir wa karne ya 10, akaongeza hoja ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote: ufahamu kuviangaza vitu peke yake hakutoshi. Kioo safi hupokea sura ya kila kilicho mbele yake, lakini hakijui kwamba kimepokea. Ufahamu, ambao wao huuita Shiva, unafichua vitu na papo hapo unajitambua, na uwezo huo wa kujitambua ndio Shakti. Kwa hiyo dunia kwao si mazigazi ya kukimbiwa. Ni ufahamu uleule ukijidhihirisha. Samkhya, shule kongwe ya falsafa ya India, huhesabu kanuni 25 za uhai na maumbile. Watu wa Kashmir walifikisha 36, na zile 11 za ziada zinaeleza jinsi ufahamu usio na mpaka unavyojibana hadi ukawa mtu.

Kubanwa huko wanakueleza kwa vifuniko vitano: uwezo unapungua, ujuzi unapungua, utoshelevu unageuka tamaa, umilele unageuka muda, na kuwa kila mahali kunageuka kufungwa na sababu na mahali. Mtu anaweza kuvitazama siku hiyohiyo. "Sijatosha" ikijitokeza kifuani, hicho ni cha tatu. "Nimechelewa maishani" ni cha nne. Anayevitambua kwa majina huacha kuamini kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Sasa mazoezi. Vijnana Bhairava, andiko la mapokeo hayohayo, linatoa njia 112 za kutafakari, na ya kwanza ni ya pumzi. Keti uti wa mgongo ukiwa umenyooka, mabega yamelegea, mdomo umefumbwa. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Acha pumzi itoke yenyewe na uifuatilie kutoka katikati ya kifua hadi inapokwisha nje, umbali wa vidole 12 kutoka puani kwa kipimo cha mapokeo. Kabla haijarudi pana kituo kifupi. Usikirefushe, kitambue tu. Kisha ifuatilie ikiingia hadi kifuani, kwenye kituo cha pili. Andiko hilohilo linahesabu pumzi 21,600 kwa usiku na mchana, yaani 15 kwa dakika, kwa hiyo nafasi ya kutazama haikosekani hata nje ya kikao. Katika vituo hivyo wazo la zamani limekwisha na jipya halijazaliwa, lakini kujua hakukukatika. Huko kujua ndiko unakokutafuta.

Makosa yanaanzia hapohapo. La kwanza ni kubana pumzi ili kituo kiwe kirefu. Kifua kinakaza, kichwa kinakuwa chepesi, na mtu anadhani kizunguzungu ni dalili ya kiroho. La pili ni kuwinda mwanga, joto au mtetemo mgongoni. Vyote hivyo vikitokea ni vitu vinavyojulikana tu, sawa na kelele za nje. Rudi kwa anayevijua.

La tatu ni gumu zaidi kuligundua, na hata waliozoea hunaswa nalo: kuzama kwenye utupu mzito usio na wazo lolote na kuuita nafsi. Spanda Karika, andiko jingine la Kashmir, linajibu vizuri. Ukitoka humo unasema, "Nilikuwa sijui chochote." Unaukumbuka basi utupu huo, na kinachokumbukwa kilikuwa kitu mbele ya mjuzi, hakikuwa mjuzi mwenyewe. Dawa yake ni ndogo: fungua macho nusu, fupisha kikao, na uangalie kama ufahamu unabaki macho wakati sauti inapoingia.

Andiko hilohilo linataja hasira kali, furaha kubwa na kukimbia kuokoa maisha kuwa nyakati za kuushika mpigo wa ufahamu. Wengi hulielewa visivyo, wakaona ni ruhusa ya kufoka. Zoezi lenyewe ni hili: hasira inapopanda, sekunde za mwanzo, mwache aliyekukosea na kisa chake, utazame nguvu yenyewe kabla haijapata maneno. Ukiikandamiza umeshachelewa, na ukikirudia kisa umeshachelewa pia. Wanaoanza wapime kwa maudhi madogo kwanza.

Wenye historia ya wazimu, ya hofu kuu za ghafla au ya kujihisi wametengana na mwili wasijifungie na mazoezi haya bila msimamizi. Kutazama "mimi" kwa muda mrefu kunaweza kuzidisha hali hizo. Usingizi ukipotea siku mfululizo, au dunia ikionekana si halisi na hali isiondoke, acha zoezi na umwone daktari. Ishara nyingine ya kusimama ni kiburi. Anayetoka kwenye kikao akiwadharau wengine kwa kuwa yeye "ni Shiva" hakuisoma hoja hadi mwisho: ufahamu unaosemwa ni huohuo ulio kwa aliye mbele yake.

Mhariri, waandishi wenu wakiletewa habari ya "mwalimu wa tantra", wamuulize maswali matatu kabla ya kuichapisha: anafuata mapokeo gani, anafundisha kutoka andiko lipi, na nani alimwingiza kwenye mapokeo hayo.