Kwenye ile picha yenu, kamba ya nanga imesimama wima

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita mlitoa makala ya watu wanaouza nyumba wakahamia kwenye mashua ya tanga huko bahari za joto, na juu yake mkaweka picha kubwa, maji ya buluu, mashua nyeupe, jamaa kajilaza omo, yaani mbele kabisa ya chombo, na kofia usoni. Picha nzuri, sina ubishi. Ila mi na mwenzangu huu mwaka wa sita tunaishi kwenye mashua ya mita 11, na kitu cha kwanza tulichokiona wote wawili si yale maji, ni kamba ya nanga, imeshuka wima kama kamba ya ndoo kisimani. Jamaa akiendelea kulala hivyo na upepo ukaja usiku, atakuja kuamkia juu ya mwamba.

Watu wengi wanadhani nanga inashika kwa uzito wake. Hapana, inashika kwa kuvutwa kwa ulalo mpaka ijichimbie mchangani. Kwahiyo unachukua kina cha maji, unaongeza kimo cha omo kutoka majini, unaongeza na maji yatakayojaa, halafu unazidisha mara 5 kama ni mnyororo mtupu, kama ni kamba mara 7 kwenda juu. Kina mita 5, omo 1, maji yanajaa 2, jumla 8, basi mwaga mita 40 za mnyororo. Sisi mwaka wa kwanza tulikuwa tunamwaga kwa kukadiria tu, mpaka usiku mmoja saa tisa ikashuka mvua ya upepo, zile zinazokuja ghafla, dakika kumi nyuma kulikuwa shwari hata jani halitikisiki, nikatoka nje na khanga kichwani nikaona taa ya jirani ambayo wakati wa kulala ilikuwa mbali sasa iko pale pale naweza kumpa mkono. Kumbe si yeye aliyekuja, ni sisi tulikuwa tunaburura nanga kumfuata. Tulifanikiwa kuwasha injini, sijui hata kwa maombi ya nani. Tangu hapo sijawahi kulala usiku wa upepo nikalala kweli, nalala sikio moja liko nje.

Sasa makala yenu ilisema huku ni uhuru mtupu na hakuna bili. Hapo ndo nikaona niandike.

Chombo kwenye bahari ya joto kinaliwa kuanzia siku kinapoingia majini. Jua linakula uzi wa tanga, kitambaa kinabaki kizima ila ukikivuta mshono wote unaachia kama karatasi iliyolowa. Chini wanakula vijichaza na mwani, unapaka rangi yenye shaba ndani yake kuwazuia na bado kila baada ya wiki chache unavaa miwani unazama na kikwaruzo, manake ukiwaacha chombo hakiendi, kinajiburuta tu (zamani kulikuwa na rangi kali yenye bati ndani yake iliyowakomesha kabisa, ila ilikuwa inaua na viumbe wengine, ikapigwa marufuku duniani, mkataba ukaanza kazi 2008, na mi naona ilikuwa sawa ingawa mgongo wangu una maoni tofauti). Na hiyo chuma mnayoambiwa haishiki kutu, inashika, tena inaanzia pale ndani usipopaona, kwenye kitundu cha boliti kinachoshika waya za mlingoti. Siku inayokatika hakukuwa na dalili.

Halafu unyevu. Chumvi inavuta maji kutoka hewani, kwahiyo nguo iliyolowa maji ya bahari hata uianike siku tatu juani, jioni ikiingia inakuwa na majimaji tena, na godoro hivyo hivyo, na kitabu, na viatu vya ngozi ndo usiseme, ukiviweka mwezi kabatini unavitoa vimeota ukungu wa kijani kama vina manyoya. Dawa yake ni kusuuza kwa maji baridi ya mvua, ila maji baridi ndo hayo una tanki lako na likiisha limeisha. Tunaoga baharini na sabuni, halafu lita moja ya maji matamu ya kujisuuza kila mtu, mwenye nywele ndefu anapewa moja na nusu, na hilo limeshaleta ugomvi. Mashine ya kuchuja chumvi ipo, tunayo, ila inakula umeme, na huwezi kuiwasha bandarini penye mafuta majini maana yanaua filta yake.

Na umeme nao una kejeli yake. Mtu akiona jua lote hili anasema si mna sola nyie, mna shida gani. Shida ni kwamba paneli haipendi joto, inataka mwanga, ikichemka inatoa kidogo, na kivuli cha mlingoti kikipita juu ya kona moja tu basi imezubaa yote. Betri za asidi ndo zaidi, ukizishusha chini ya nusu unaziua, na joto likizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata umri wake karibu nusu. Friji ndo inayokula kuliko vitu vyote, usiku unaisikia inanguruma unahesabu tu.

Choo sitakisema sana kwasababu watu wanasoma gazeti wakiwa wanakula. Niseme tu kwamba mkojo ukikutana na maji ya bahari kwenye bomba unatengeneza kitu kama chokaa, bomba pana linabaki na tundu la kidole, na siku litakapoziba itakuwa ni siku mna wageni. Mwenye nyumba anamwita fundi. Huku fundi ni wewe, umelala kifudifudi juu ya ngama, lile tumbo la chini la chombo, joto nyuzi 38, spana imedondoka huko chini kwenye maji machafu. Wahenga waliposema tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo) marejeo ni ngamani nilidhani ni fumbo, kumbe ni maelezo ya kazi. Kila kinachodondoka kwenye chombo utakifuata kule.

Kuhusu vimbunga makala haikugusa hata mstari mmoja, na hapo ndo huo uhuru unapofungwa kamba. Atlantiki ya Kaskazini msimu unaanza Juni mpaka mwisho wa Novemba, Pasifiki ya Kusini ni kama Novemba mpaka Aprili, kwahiyo karibu nusu ya mwaka unatakiwa uwe mahali pengine, na kampuni nyingi za bima zinakuambia kabisa usivuke mstari fulani kabla ya tarehe fulani. Ukikaa karibu na ikweta, ndani ya nyuzi 5 za latitudo hivi, vimbunga ni nadra sana, ila huko unapata shwari ya wiki nzima na radi za kila jioni, na wewe ndo una mti mrefu kuliko wote baharini. Watu walikuwa wanaamini Grenada, kule visiwa vya Karibi, iko kusini vya kutosha, kimbunga Ivan akapita Septemba 2004 akatupa mashua nchi kavu moja juu ya nyingine. Na Julai 2024 kimbunga Beryl kikapiga Carriacou, kisiwa cha Grenada hiyo hiyo, msimu ndo kwanza umeanza, na mashua nyingi zilikuwa zimeshajificha kwenye mikoko kama vitabu vinavyoelekeza, zikarundikana humo humo kwenye mikoko.

Sasa mtaniuliza, si mtoke basi. Dada yangu ananiuliza hivyo kila nikimpigia.

Sijui nimjibu vipi. Kuna usiku mko safarini, mwenzangu analala ni zamu yangu usukanini, upepo wa mashariki ule usiochoka uko nyuma yetu, hakuna injini, hakuna taa popote, na maji yanawaka kila chombo kinapoyapasua, pomboo wanapita chini unawaona ni michirizi ya mwanga tu, hata mwili wenyewe huuoni. Nilikaa vile masaa manne bila kukumbuka kwamba nina mgongo. Na kuna majirani, hawa watu wa kutia nanga, humjui hata jina lakini anakuja na kidau chake saa saba usiku na mvua yote hiyo akusaidie kusukuma, kesho anaondoka hamuonani tena. Nyumbani niliishi miaka 9 sijui jirani wa kushoto anafanya kazi gani. Tumejifunza pia kugombana kwa sauti ya chini, kwasababu mkinuniana kwenye mita 11 hakuna pa kwenda, mmoja akae omo mwingine tezi mpaka jioni, na mwisho mmoja ndo ataita kwamba pampu haizimi, mnajikuta wote mko kwenye ngama mmeshika tochi.

Kwahiyo sisemi watu wasije. Nasema msiwatoe huko na picha tu. Andikeni waje kwanza mwezi mmoja, tena mwezi wa mvua, wafunge na kufungua madirisha mara sita kila usiku, ndipo warudi wakaamue habari ya nyumba.

Na yule aliyepiga picha, kama mnaye kwenye simu, mwulizeni ile mashua bado iko pale?

Msomaji wenu,
Fundi wa choo, mita 11