Kaseti ya mzee wa Katuba

Lubumbashi, mwezi wa kumi

Ndugu yangu,

Jambo sana. Shemeji hajambo? Watoto nao, Kiswahili bado wanakisikia au Kifaransa kimekula chote? Huku tuko. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, vumbi lote la kiangazi limekuwa tope jekundu mlangoni pa studio. Mama nilimpitia Jumapili kule Kenya, mtaa wetu huu wa Lubumbashi. Mguu umepungua kuvimba, na hakuniruhusu kutoka kabla sijamaliza bukari na sombe. Anasema piga simu siku ya juma, Jumapili ana kanisa.

Najua nimenyamaza tangu Pasaka, nitakueleza. Leo kuna neno moja limenikaa kifuani.

Unakumbuka zile kaseti za MiniDV, zile ndogo za kamera ya video, tulizorekodi mtaa wa Katuba mwaka 2006, kwa mzee mchoraji? Zipo. Ziko depo, katika sanduku la sabuni, mwandiko wako juu yake. Jumanne iliyopita nilikuwa nafunga waya za mikro, msichana mmoja wa mwaka wa pili akabisha. Akaniambia, "Papa Fundi, wanasema munayo sauti ya babu yangu." Ni mjukuu wa mzee! Alipokufa mzee, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nyumbani kwao wanayo picha moja tu ya harusi, mzee amesimama pembeni, nusu ya uso imekatwa.

Nikamwambia kaa. Nikaitia kaseti ya tatu ndani ya kamera ya studio, ile ndogo ya kijivu. Ndugu yangu, mzee akaanza kusema. Anaeleza alivyokuwa mtoto, anachota maji kwenye Hangar, ile karakana ya wachoraji ya Romain-Desfossés, na alivyomwona mchoraji Bela anapaka rangi kwa ncha za vidole, brashi hakuna. Wewe unasikika nyuma unamuuliza juu ya mchoraji mwingine wa Hangar, "Na Pilipili je?" Mzee anacheka. Halafu picha ikavunjika vipande vipande, sauti ikakatika, nikasikia utepe unakwaruza. Nikazima mara moja. Nilipofungua, kitanzi cha utepe kilikuwa kimeanza kujikunja kwenye gurudumu. Dakika nne tu. Msichana hakulia, alikaa akitazama kioo kimezimika, mimi ndiye nilitoka nje kidogo.

Sasa naogopa kuitia tena. Vichwa vya kamera, vile vinavyosoma utepe, nimevisafisha kwa alkoholi na kipande cha ngozi laini, nikajaribu kaseti nyingine isiyo na thamani, ikacheza vizuri dakika kumi kisha vipande vilevile vikarudi. Vichwa vimelika. Lakini kuna jambo la pili, na hapa ndipo ninakuhitaji: nadhani ulirekodi kwa LP, ule mwendo wa polepole wa utepe. Tulikuwa na kaseti chache siku zile, na wewe ulitaka saa moja ituzalie saa moja na nusu. LP inabana mistari kwenye utepe, na mara nyingi kaseti ya namna hiyo inakubali kamera iliyoirekodi tu, kamera nyingine zinaikataa.

Na muda hauko. Depo inatakiwa kuwa wazi kabla ya Noeli, kuna kompyuta mpya zinakuja. Nilikwenda kwa mkuu, nikamwambia humo kuna kaseti 41, akanijibu kwa upole kabisa kwamba leo kila mtu anarekodi kwa simu. Ni kweli, na mimi ndiye ninawafundisha wanafunzi kurekodi kwa simu. Lakini mzee wa Katuba hatarudi kuketi mbele ya simu. Nikaomba hadi tarehe 15 Desemba. Amekubali, kwa mdomo.

Hesabu nimeifanya. Saa moja ya kaseti ni gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo hata zikijaa zote diski ya terabaiti moja inatosha, na ya pili iwe nakala, ilale nyumba nyingine. Kinachonisumbua ni saa zenyewe. Kaseti haikimbizwi: ya dakika sitini inakula dakika sitini, na delestaji, yaani kukatwa umeme, ikipita katikati, onduleri yetu, ile betri ya akiba, haifiki hata nusu saa. Ndiyo maana nimeomba ufunguo wa usiku, maana usiku umeme unatulia. Mlinzi ni yuleyule, anakusalimia. Kompyuta ya zamani ya montaji, ya kuunganisha picha, bado ina tundu la FireWire la kupokea video kutoka kamera, hata kebo ninayo. Kinachokosekana ni kamera nzima.

Kwa hiyo nakuomba. Jumapili uende pale La Batte, soko lenu la Liège, kwa wale wanaouza vitu vya zamani kando ya mto Meuse. Tafuta kamera ya MiniDV, ya mfumo wa picha wa Ulaya, yaani PAL. Ukiona ni ya Marekani, iache. Iwe na tundu la DV, ndilo hilo la FireWire, na chaja yake. Betri ikiwa imekufa si neno. Usinunue kabla ya kuona inacheza: beba kaseti, iache izunguke robo saa, tega sikio. Ukisikia kukwaruza, endelea na njia yako. Franga nitampa mama hapa, mwambie tu kiasi. Yaya, mkubwa wetu wa Ruashi, anarudi huku mwanzo wa Desemba. Mpe mkononi, isiingie kwenye mizigo ya chini, tafadhali sana.

Msichana anapita studio kila asubuhi. Hajaniuliza tena. Anasalimia, anatazama lile sanduku ambalo sasa nimeliweka juu ya kabati, anakwenda darasani. Nimemwona akijaribu kupaka kwa vidole.

Sasa nijibu haya, hata kwa ujumbe mfupi. Ulirekodi kwa LP kweli, zote au ya tatu tu? Ile kamera yetu ya kwanza iliishia wapi? Mimi mara ya mwisho niliiona mwaka wa Picha ya kwanza, lile tamasha la sanaa la hapa Lubumbashi, 2008, halafu Mrefu akaiazima kwa harusi ya Kipushi. Aliirudisha? Bado anapatikana kwa namba ileile? Kaseti ya tano umeandika "mzee + nyimbo": aliimba? Mbona sikumbuki? Na wewe, kule kwako hukubakiwa na nakala hata moja, hata ya sauti, hata kipande?

Nisalimie wote nyumbani. Nangoja.

Ndugu yako wa Kamalondo