Ulimi usiotulia si pepo

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili hapa Tanga, na liko jambo linalonikereketa. Baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia wanaochomwa sindano ya flufenazini kila mwezi, au wanaomeza haloperidoli miaka nenda rudi, huanza kutafuna hali mdomoni hamna kitu. Ulimi unachomoza na kurudi, midomo inafyonza, vidole havitulii. Kwenye daladala watu huwahama. Nyumbani huambiwa pepo karudi, na mtu ambaye akili yake ilikwisha kutulia huacha dawa kwa aibu.

Si pepo. Dawa hizo huziba vipokezi vya dopamini ubongoni, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, ukiwamo wa kuchezesha viungo, na vipokezi hivyo vikizibwa muda mrefu huwa vyepesi mno kushtuka. Mara nyingi mgonjwa huongezewa dawa nyingine, artane. Artane inafaa kwa mtetemeko na kukakamaa, lakini ulimi huu yaweza kuuzidisha.

Njia nyingine ipo. Ndani ya neva, protini iitwayo VMAT2 hupakia dopamini kwenye vifuko vidogo mno, kama kuli anavyopakia shehena bandarini. Ikizuiwa, dopamini inayotoka hupungua, na viungo hutulia. Reserpini, inayopatikana katika mizizi ya mirauvolfia, miti inayoota hata Kongo na Uganda, huing'ang'ania protini hiyo isiiachie. Dawa iitwayo tetrabenazini huishika kisha ikaiachia, ndiyo maana ni rahisi kuirekebisha dozi yake. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha ndugu zake wawili, valbenazini na deutetrabenazini, kwa tatizo hilihili, lakini bei yake haishikiki. Tetrabenazini yenyewe ni ya miaka ya 1950 na hataza yake, yaani haki ya kampuni moja pekee kuitengeneza, ilishakwisha.

Nimeiulizia kwenye maduka ya dawa hapa mjini, sikuipata. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe inapatikana walau hospitali za rufaa, chini ya daktari wa akili, maana nayo yaweza kuleta huzuni kubwa na mawazo ya kujiua.

Ndugu wa wagonjwa, msikatishe sindano kwa hofu, rudini kliniki. Na wauguzi wenzangu, kabla ya kuchoma, mwambieni mgonjwa afungue mdomo, mtazame ulimi ukiwa umelala ndani, kisha agonganishe kidole gumba na vidole vingine huku mkiangalia uso. Ni dakika chache, na hakuhitaji mashine yoyote.

Muuguzi mstaafu,
Tanga